Simu ya Zamani kutoka kwa Muuzaji wa Ng'ambo: Ile Inayodaiwa Kuwa Mpya na Ile Inayokiri Umri Wake

Samsung ilianza kuuza Galaxy S5 mwezi Aprili 2014, na Apple ikaitoa iPhone 6 mwezi Septemba mwaka huohuo. Ukizitafuta simu hizo leo katika masoko ya mtandaoni, utakuta matangazo ya wauzaji walio ng'ambo yanayosema kwamba ni mpya, ni halisi, hazijafunguliwa, na zimo ndani ya boksi la kiwandani pamoja na chaja yake. Bei nayo huwa ya chini kiasi cha kumfanya mtu aharakishe kabla haijapanda. Swali ambalo wengi huuliza ni kama simu hiyo ni halisi au ni feki. Mimi naona swali hilo halitoshi, kwa sababu nyuma ya matangazo ya simu hizo kuna vitu vinne vilivyo tofauti kabisa, na kimojawapo cha vitu hivyo si feki lakini bado kitamtia mnunuzi hasara, ilhali kingine kina mikwaruzo dhahiri na bado ndicho kinachofaa kununuliwa.

Haja ya kununua simu ya zamani si ya kipuuzi. Galaxy S5 ina kifuniko cha nyuma kinachofunguliwa kwa ukucha, betri inayotolewa kwa mkono, nafasi ya kadi ya kumbukumbu, tundu la spika za masikioni na taa ya infraredi inayoweza kuongoza televisheni. LG V20 ya mwaka 2016 ina saketi ya sauti ambayo wapenzi wa muziki wanaisaka mpaka leo, na iPhone SE ya kwanza, ya mwaka huohuo, hukaa kiganjani kwa namna ambayo simu za sasa haziwezi. Wapo pia wanaotaka simu ya pili kwa ajili ya laini ya kazi, na wapo waliozoea simu fulani, ikawaharibikia, na sasa wanatafuta nyingine kama ileile. Kwa hiyo ninacholinganisha hapa si simu ya zamani na simu ya kisasa, ingawa nitaligusa hilo mbele kidogo. Ninalinganisha njia za kuipata hiyo ya zamani kutoka mbali bila kuiona wala kuishika.

Vitu vinne nyuma ya matangazo

Cha kwanza ni nakala bandia, yaani simu iliyoundwa tangu mwanzo ili ifanane na modeli maarufu kwa sura, huku ndani ikiwa na prosesa hafifu, kamera hafifu na mfumo endeshi uliochezewa ili utoe taarifa za uongo. Cha pili ni simu iliyovalishwa upya: bodi yake kuu ya umeme ilitoka kwa mtengenezaji mwenyewe miaka mingi iliyopita, lakini kioo, fremu, kifuniko, betri, boksi na stika zake vyote vimetoka katika viwanda vingine, na muuzaji anaiita mpya kwa sababu kila kinachoonekana kwa macho ni kipya. Cha tatu ni simu iliyotumika ambayo inauzwa kwa jina hilohilo, pamoja na picha za mikwaruzo yake. Cha nne ni simu iliyokarabatiwa na mtengenezaji au na kampuni inayoweka jina lake kwenye dhamana. Kuna na kitu cha tano, simu mpya kweli iliyosahaulika ghalani, lakini mnunuzi aliye mbali hana njia ya kuitofautisha na zile mbili za kwanza kwa kusoma tangazo tu, na kwa sababu hiyo naiweka kapu moja nazo.

Neno "mpya" lipimwe kwanza kwa kalenda. LG ilitangaza mwezi Aprili 2021 kwamba inaacha kabisa biashara ya simu, na V20 ilikuwa imeacha kutengenezwa kabla ya hapo. Muuzaji anayesema kwamba anazo V20 mpya nyingi, za rangi zote, na kwamba zikiisha ataleta nyingine, ameshakujibu swali lako hata kabla hujamwuliza. Hazina ya bidhaa iliyoacha kutengenezwa hupungua, haijazwi.

Tuchukulie sasa kwamba anasema kweli, na kwamba simu imekaa ndani ya boksi lake miaka kumi bila kuguswa. Betri ya lithiamu huzeeka hata isipotumika. Chaji yake hupungua polepole ikiwa ghalani, na ikishuka kupita kiwango cha chini kwa muda mrefu, kemikali za ndani huharibika, kiasi kwamba betri hukataa kupokea chaji, au huipokea na baadaye ikavimba. Gundi na mipira ya kuzuia maji, kama ile iliyoiwezesha Galaxy S5 kupewa daraja la IP67 la kustahimili maji na vumbi, nayo hukauka. Maana yake ni kwamba simu "mpya kabisa" ya mwaka 2014 inaweza kuhitaji betri nyingine siku ileile inapofika. Kwa Galaxy S5 kazi hiyo ni ya dakika moja, ila betri utakayoipata ama ni ya zamani kama simu yenyewe, ama imetengenezwa na kampuni nyingine. Kwa iPhone 6 inabidi kioo kifunguliwe. Ndiyo sababu nasema kwamba kwa simu ya umri huo upya si sifa ya kulipia zaidi, na anayeisisitiza sana anauza kitu ambacho mnunuzi hakihitaji.

Nakala bandia na simu iliyovalishwa upya: ipi ni mbaya zaidi?

Kwa matumizi, simu iliyovalishwa upya hushinda karibu kila mara. Inapokea mfumo endeshi halisi, programu zinafanya kazi, kamera ni ile uliyoitaraji ikiwa haikubadilishwa, na fundi yeyote anaweza kuitengeneza kwa sababu spea zake zinajulikana. Hasara zake ni za taratibu. Kioo cha bei ya chini kina rangi zilizopauka na hakihisi kidole vizuri pembeni, betri huzima ghafla ikiwa bado inaonyesha asilimia ishirini au thelathini, na kinga dhidi ya maji haipo tena kwa sababu simu ilifunguliwa ikafungwa bila gundi ya kiwandani. Niliwahi kununua simu ya aina hii kwa muuzaji wa ng'ambo, ikafika ikiwa na nailoni mbele na nyuma na harufu ya plastiki mpya. Niliridhika kwa wiki tatu. Mwezi wa pili kioo kilianza kuachana na fremu upande mmoja, na fundi aliyeifungua alinionyesha alama za kalamu ya wino kwenye bodi, maandishi ya fundi mwingine aliyewahi kuishughulikia kabla yangu. Haikuwa feki, ila haikuwa mpya pia, na bei niliyolipa ilikuwa ya simu mpya.

Nakala bandia ni jambo jingine, na ubaya wake haumo katika kioo wala kamera. Mfumo endeshi wake umeandikwa upya ili useme unachotaka kusikia: ukifungua ukurasa wa maelezo ya simu utasoma jina la modeli halisi, RAM ya kutosha na hifadhi ya GB 64, hali chipu iliyomo ndani ni ya GB 8. Picha na video huendelea kupokelewa mpaka nafasi halisi inapojaa, kisha faili mpya huanza kufuta au kuharibu za zamani bila onyo lolote. "iPhone" ya aina hii kwa kweli ni simu ya Android iliyovishwa sura ya iOS, na hujifichua pale unapobonyeza alama ya duka la programu ukaletwa kwenye duka la Google.

Hatari kubwa zaidi ni programu hasidi zilizopandikizwa kabla simu haijatoka kiwandani. Mwaka 2014 kampuni ya usalama wa kompyuta ya G Data ya Ujerumani iliichunguza Star N9500, simu ya bei ya chini iliyofananishwa na Galaxy S4 na kuuzwa mtandaoni, ikakuta ndani ya mfumo wake programu ya kijasusi iliyojifanya kuwa sehemu ya duka la Google na ambayo mtumiaji hakuweza kuiondoa. Miaka kumi na moja baadaye hali haikuwa imetulia, kwa kuwa mwezi Aprili 2025 Kaspersky, kampuni nyingine ya usalama wa kompyuta, ilieleza kwamba imegundua aina mpya ya programu hasidi iitwayo Triada katika nakala bandia za simu maarufu, na kwamba watumiaji zaidi ya 2,600, wengi wao nchini Urusi, walikuwa wamekumbwa nayo. Triada huweza kuiba akaunti za programu za ujumbe, kusoma na kutuma meseji, na kubadilisha anwani za pochi za sarafu za kidijitali wakati mtu anapotuma fedha. Kwa kuwa imo ndani ya mfumo wenyewe, kuirudisha simu katika hali ya kiwandani hakuiondoi. Hali ya kiwandani ndiyo iliyokuja nayo.

Wala mtu asidhani kwamba haya ni mambo ya nadra. Shirika la ushirikiano wa kiuchumi na maendeleo, OECD, katika ripoti yake ya mwaka 2017 kuhusu biashara ya vifaa bandia vya mawasiliano, lilikadiria kwamba karibu simu moja kati ya kila tano zinazosafirishwa kimataifa ni bandia.

Iliyotumika na iliyokarabatiwa

Simu iliyotumika, inayouzwa kwa jina hilo, ina faida moja ambayo ni rahisi kuidharau: muuzaji wake hana sababu ya kuficha umri. Mkwaruzo ulioko pembeni mwa kioo unaonekana pichani, afya ya betri inaweza kuulizwa na kujibiwa kwa tarakimu, na bei inaakisi hali hiyo. Sifa nyingine ni kwamba ni vigumu kuighushi kwa faida, kwa sababu watengenezaji wa nakala bandia wanataka bei ya simu mpya. Kasoro yake ni historia ya umiliki. Tangu iOS 7 ya mwaka 2013, iPhone inaweza kufungwa kwa akaunti ya mmiliki wake hata baada ya kufutwa, na Android iliweka kinga ya namna hiyohiyo kuanzia toleo la 5.1 la mwaka 2015. Simu iliyoibwa, au ambayo mwenyewe alisahau kuiondoa katika akaunti yake, itakufikia ikiwa nzima na isiyotumika. Nyingine hufungwa kwa mtandao mmoja wa simu, kwa kuwa mwenyewe aliichukua kwa mkataba.

Simu iliyokarabatiwa na mtengenezaji ndiyo salama kuliko zote, ila kwa modeli za umri tunaouzungumzia ni adimu, kwani watengenezaji hukarabati na kuuza tena modeli za miaka michache tu ya karibuni. Kinachobaki ni kampuni za watu wengine. Hapa neno "iliyokarabatiwa" halina ulinzi wowote: linaweza kumaanisha simu iliyopimwa, ikabadilishwa betri na kupewa dhamana ya mwaka mzima, na linaweza pia kumaanisha simu iliyofutwa vumbi. Anayeuliza aulize mambo matatu tu, yaani nini kilibadilishwa, spea zilitoka wapi, na dhamana inalipwa na nani na kwa muda gani. Majibu yakiwa ya jumla, hiyo ni simu iliyovalishwa upya kwa jina la heshima zaidi. Kwenye iPhone, nambari ya modeli iliyo katika ukurasa wa maelezo ya simu husaidia: ikianza na herufi M, simu iliuzwa ikiwa mpya, ikianza na F, ilikarabatiwa na Apple yenyewe, ikianza na N, ilitolewa kuwa mbadala wa simu iliyoharibika. Muuzaji anayedai kwamba simu haijawahi kufunguliwa ilhali picha ya ukurasa huo inaonyesha F au N amejipinga mwenyewe.

Namba ya IMEI na mipaka yake

Wanunuzi wengi huambiwa waombe namba ya IMEI, yaani namba ya utambulisho ya kila simu, wakidhani kwamba ikikubalika katika tovuti ya ukaguzi basi simu ni halisi. Namba hiyo ina tarakimu 15. Nane za mwanzo hutambulisha mtengenezaji na modeli, sita zinazofuata ni za simu yenyewe, na ya mwisho hukokotolewa kutokana na zile 14 kwa kanuni ya hesabu iitwayo Luhn ili kugundua makosa ya kuandika. Ukikuta tarakimu nane za mwanzo zinaonyesha modeli nyingine, umepata jibu na unaweza kuachana na muuzaji huyo hapohapo. Kinyume chake hakiko hivyo. Mtengenezaji wa nakala bandia anaweza kunakili namba halali kutoka kwenye simu halisi na kuiweka katika mamia ya nakala zake, na zote zitapita ukaguzi. IMEI inaweza kukuthibitishia kwamba simu ni mbaya, lakini haiwezi peke yake kukuthibitishia kwamba ni nzuri.

Kinachosaidia zaidi ni kumwomba muuzaji picha iliyopigwa siku hiyo, simu ikiwa imewashwa kwenye ukurasa wa maelezo, pembeni pakiwa na karatasi yenye tarehe iliyoandikwa kwa mkono. Anayeuza simu moja aliyonayo mkononi hulifanya jambo hilo kwa dakika tano. Anayeuza kutoka ghala asilolijua hukuletea tena picha zilezile za tangazo, au hukueleza kwamba boksi likifunguliwa simu haitakuwa mpya tena, jawabu ambalo linasikika la busara mpaka ukumbuke umri wa simu yenyewe.

Katika matangazo ya Galaxy za zamani, herufi za mwisho za nambari ya modeli ni jambo la kusomwa kwa makini. Galaxy S5 yenye nambari SM-G900F inatumia 4G, lakini SM-G900H, ambayo ni halisi pia, inaishia 3G. Mnunuzi akiagiza "Galaxy S5" bila kuuliza herufi, anaweza kuletewa simu halisi isiyomfaa, na katika mgogoro wa kudai fedha muuzaji atakuwa na haki.

Njia ya fedha

Kati ya mambo yote ya ulinganisho huu, naona njia ya malipo ina uzito kuliko bei. Katika soko linaloshikilia fedha za mnunuzi mpaka athibitishe kupokea mzigo, muuzaji ana sababu ya kukusikiliza. Kadi ya benki inayoruhusu kudai fedha zirudishwe hutoa ulinzi unaokaribiana na huo. Mtu akimtumia muuzaji fedha moja kwa moja hana ulinzi wowote, na hali ni hiyohiyo kwa malipo ya PayPal yanayotumwa kwa mfumo wa ndugu na marafiki, ambayo hayamo katika kinga ya mnunuzi ya kampuni hiyo, ilhali malipo ya kawaida ya bidhaa yanaweza kulalamikiwa ndani ya siku 180. Muuzaji anayekupunguzia bei ili ulipe nje ya soko ananunua ulinzi wako kwa bei ya chini.

Kurudisha mzigo ni mtihani mwingine. Masharti ya masoko mengi humtaka mnunuzi aliyeletewa kitu tofauti akirudishe ndipo alipwe, na simu ina betri ya lithiamu ambayo mashirika ya posta na ya ndege huiwekea masharti. Betri iliyovimba au kuharibika hairuhusiwi kabisa kusafirishwa kwa ndege. Kwa hiyo mtu aliyeletewa simu yenye betri iliyovimba hujikuta akitakiwa kurudisha kitu ambacho kisheria hakiwezi kurudishwa kwa njia ile iliyokileta. Hali ikiwa hiyo, piga picha ya betri, iwasilishe katika malalamiko ukitaja katazo hilo, na omba urejeshewe fedha bila kurudisha mzigo. Usikubali ombi la muuzaji la kufunga malalamiko kwanza kwa ahadi kwamba atatuma sehemu ya fedha baadaye, kwa kuwa malalamiko yaliyofungwa mara nyingi hayafunguliwi tena.

Forodha nayo haina huruma na bidhaa bandia. Katika Umoja wa Ulaya, kanuni namba 608 ya mwaka 2013 inaruhusu maofisa kuharibu mzigo mdogo wa bidhaa bandia, usiozidi vipande vitatu au ulio chini ya kilo mbili, kwa utaratibu mfupi. Simu moja iliyoagizwa na mtu mmoja inaingia humo.

Mzigo ukifika

Rekodi video tangu kisu kinapogusa utepe wa boksi mpaka simu inawaka. Halafu, na hili ndilo ambalo watu hukosea, usiweke laini yako kuu wala usiingie katika akaunti yako ya Google, Apple au benki kabla hujaipima. Ikiwa ni nakala bandia yenye programu hasidi, nenosiri litakuwa limeshaondoka hata kama fedha zako zitarudi.

Bonyeza *#06# na ulinganishe namba zinazotokea na zile zilizo kwenye boksi, na zile zilizo chini ya betri ikiwa simu inafunguka. Kwenye Samsung halisi, *#0*# kwa kawaida hufungua ukurasa wa vipimo vya kioo, kamera na vihisi, na nakala bandia aghalabu haziujui. Kwa Galaxy S5 nina kipimo ninachokipenda kuliko vingine kwa sababu hakihitaji programu yoyote: fungua picha nyeusi tupu na uzime taa ya chumba. Kioo chake halisi ni cha AMOLED, ambacho hakitoi mwanga wowote mahali palipo peusi, kwa hiyo simu hupotea gizani. Nakala iliyowekewa kioo cha LCD, aina inayoangazwa kwa taa ya nyuma, itaendelea kung'aa kijivu. Kipimo hicho hakifai kwa iPhone 6, ambayo kioo chake halisi ni LCD. Kwa hiyo ya Apple, iunganishe na kompyuta uone kama iTunes inaitambua, na ufungue duka la programu.

Kisha jaza hifadhi. Nakili faili kubwa za video mpaka ukaribie ukubwa uliotangazwa, zima simu, iwashe, na ufungue zile za kwanza. Zikikataa kufunguka, umepata ushahidi ambao muuzaji hawezi kuupinga kwa maneno. Fanya haya yote kabla ya kubonyeza kitufe cha kuthibitisha kupokea mzigo, hata kama muuzaji anakutumia ujumbe wa kukubembeleza ufanye hivyo mapema.

Hata ikiwa halisi

Simu halisi ya zamani ina ukomo wake. Galaxy S5 ilifikia Android 6.0.1 na kuishia hapo. iPhone 6 haikuvuka iOS 12. WhatsApp iliacha kufanya kazi kwenye iOS iliyo chini ya 15.1 tangu tarehe 5 Mei 2025, kwa hiyo iPhone 6 iliyo halisi kabisa haifai tena kwa kazi hiyo, wakati iPhone SE ya 2016, inayofikia iOS 15, iliendelea kuingia. Tofauti ya miaka miwili kati ya modeli mbili zinazouzwa kwa bei zinazokaribiana inaweza kuwa tofauti kati ya simu na kicheza muziki.

Mitandao nayo imesonga. Kampuni kubwa za simu za Marekani zilizima 3G katika mwaka 2022, na Australia ikafuata mwishoni mwa Oktoba 2024, ambako simu zisizoweza kupiga namba ya dharura kupitia 4G zilizuiwa hata kama zilikuwa na intaneti ya 4G. Mahali ambapo 3G imezimwa, simu isiyo na uwezo wa kupiga kwa sauti kupitia 4G kwenye mtandao wako haina kazi ya simu. Zipo pia nchi zinazozuia simu ambazo hazijasajiliwa. Uturuki, kwa mfano, humpa mwenye simu iliyotoka nje siku 120 tu kabla haijafungwa. Maswali haya yaulizwe kwenye kampuni ya laini yako, si kwa muuzaji.

Nani achague ipi

Kama simu itabeba benki yako, barua pepe yako na namba ambayo akaunti zako nyingine hutuma msimbo wa uthibitisho, chagua simu mpya ya daraja la chini iliyotolewa karibuni na inayopokea masasisho ya usalama, hata kama sura yake haikuvutii. Prosesa yake itakuwa ya kawaida tu, lakini hakuna kati ya zile nne inayoweza kulingana nayo kwa usalama. Kama ni simu ya pili, ya muziki, ya kuongozea televisheni au ya kumbukumbu ya ujana, chagua iliyotumika na inayouzwa kwa jina hilo, katika soko linaloshikilia fedha, na utenge kiasi cha betri tangu mwanzo. Iliyokarabatiwa ina maana pale tu dhamana yake inapodaiwa mahali unapoweza kupafikia; dhamana inayokutaka urudishe simu ng'ambo kwa gharama yako si dhamana. Kuhusu "mpya ndani ya boksi", ningeifikiria katika hali moja tu, ya mtu anayekusanya simu kwa ajili ya kabati na asiyekusudia kuiwasha.

Mara ya pili niliponunua, nilimwandikia muuzaji sentensi moja: nionyeshe upande mbaya zaidi wa simu hiyo. Alinitumia picha ya kona ya chini iliyobonyea, yenye mkwaruzo wa urefu wa ukucha. Simu ilipofika nilianza kwa kuitafuta kona hiyo, nikaikuta ilivyo, na ndipo nikafungua kifuniko kusoma IMEI.